Vidani vya Bafuni

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza! Daftari jipya, kalamu mpya, biashara mpya. Kiwanda cha uchapaji kilinipunguza kazi mwezi wa kumi, na iko siku kitajuta. Miezi mitano nimemtazama mke wangu akienda hospitali kuuguza watu, anarudi hoi, ananikuta mimi niko hoi kuliko yeye. Sasa basi. Nitatengeneza vidani vya vigae. Kigae kidogo, kipete, uzi wa shingoni. Mtu mmoja mwenye akili, meza moja, kwisha.

Mke wangu ameusikiliza mpango wote akiwa amevua kiatu kimoja. Akasema ni sawa, ila ana ombi. Mkataba wa nyumba unaisha mwisho wa mwezi. Mwenye nyumba atakuja Jumapili tarehe 24 kukagua, ndipo aamue kama anatuongezea miaka mitatu au nyumba anampa mpwa wake. Huyo mpwa keshapita mara mbili kuyapima madirisha yetu kwa macho. Mke wangu akasema tumekaa hapa miaka tisa, anakwenda kazini kwa miguu, majirani anawajua mpaka vikohozi vyao, na kwamba akitolewa katika nyumba hii moyo wake utavunjika na hautaungika. Kwa hiyo mpaka tarehe 24 nisipigilie hata msumari.

Nikamwambia awe na amani. Vidani na misumari wapi na wapi?

Jumanne, 5 Machi

Siku mbovu. Muuza vifaa vya ujenzi alinipa mfuko mzima wa vigae vilivyovunjika, vya kahawia, bure. Pale pale nilipaswa kushtuka. Nimevisugua kwa msasa tangu asubuhi, ngozi ya vidole imebaki huko. Drili imepasua vigae saba. Cha nane kimeivunja drili.

Vitano vilivyokuwa vimetoboka salama nikavipeleka kwa msusi, jirani yetu mwenye saluni. Ana rafu nzuri kando ya kioo kikubwa, kila mteja lazima aitazame. Msusi akakipima kimoja kiganjani, akauliza ni dawa ya ng'ombe? Wanawake watatu waliokaa chini ya mashine za kukaushia nywele wakacheka, na kwa zile kelele za mashine hata swali hawakulisikia. Walimwona tu mwenye dawa.

Na pale juu ya rafu amejitandaza nani? Shemeji! Mdogo wake mke wangu, anayeshona vishikio vya funguo vya ngozi. Kipande cha ngozi, uzi, tundu. Mtoto wa chekechea anaweza. Lakini vinanunuliwa hivyo hivyo, na msusi anamwita fundi. Shemeji akaniambia, kwa ile sauti yake ya upole inayokera, nisivunjike moyo, kila mtu ana kipaji chake na changu huenda kiko njiani. Nikamjibu aliye juu mngoje chini. Akacheka. Ana meno mengi kuliko anayohitaji.

Jumatano, 6 Machi

Bahati! Sikuitafuta, imenidondokea miguuni.

Nilikuwa naoga. Nikaegemea ukuta wa nyuma ya mlango nifikie taulo, kigae kimoja kikatoka chenyewe. Bafu letu lina vigae vidogo kuta zote, kila kimoja ukubwa wa stempu. Ni vya bluu, na ndani ya bluu kuna mshipa mweupe, na hakuna mshipa unaofanana na wa mwenzake. Miaka tisa nimeoga mbele ya hazina nimefumba macho!

Nikakiloweka kwenye siki mpaka saruji ikaachia. Nikalainisha kingo kwa msasa. Kutoboa, sithubutu tena. Nikabandika kipete cha shaba kwa nyuma, nikapaka vanishi, nikatia uzi mweusi. Saa tano nilikuwa saluni. Saa tano na nusu kimenunuliwa na kiongozi wa kwaya ya wanawake, mama ambaye sauti yake huingia mlangoni kabla yake. Msusi akanipigia simu kuuliza ninavyo vingine vingapi.

Nikasema vingi. Kisha nikaenda bafuni kuhesabu.

Alhamisi, 7 Machi

Kiongozi wa kwaya anataka vingine ishirini na vitatu! Kwaya nzima! Wana tamasha Jumamosi ya wiki ijayo, na amesema zile sare zao nyeupe zimepooza mno vifuani. Nikakubali kabla hajafika mwisho wa sentensi.

Mke wangu aliondoka saa kumi na mbili na nusu. Saa moja nilikuwa nimeshika tindo na nyundo. Naomba ieleweke kwamba sikupigilia msumari hata mmoja. Nilichukua palepale nyuma ya mlango, pembeni pa taulo, mahali ambapo hakuna binadamu anayetazama. Saruji ya zamani haina ubishi. Unagonga mara tatu, unanyonga kidogo, kigae kinatoka kama jino la mtoto. Vitano vilivunjika, nikalazimika kuchukua vitano vingine kufidia. Kipande kimoja kiliruka kikanipasua paji la uso. Hasara ndogo.

Nikarudi nyuma kutazama. Pengo lenye ukubwa wa trei ya chai! Nikatundika taulo mbili kulifunika. Taulo zikaanguka chini pamoja na kulabu, kwa kuwa kulabu yenyewe ilikuwa imeshikwa na kigae cha kumi na saba.

Ijumaa, 8 Machi

Mke wangu jana alikuwa na uchovu wa kutoona. Leo hatakuwa nao. Nimejaribu kadibodi iliyopakwa rangi. Imevimba. Nimekwenda kwa muuza vifaa na kigae mkononi. Akakigeuza, akakinusa, akasema yuko kwenye kazi hii miaka ishirini na kigae cha namna hii hajapata kukiona. Nikarudi, nikapindua ndoo, nikaikalia, nimeshika tama.

Na mbele ya macho yangu, kwenye karai, sabuni ya mche. Ile ya kufulia. Ya bluu. Na ndani ya bluu, mishipa myeupe!

Sijui kwa nini watu hawaniiti mhandisi. Miche miwili, kisu cha jikoni, rula ya shule. Vipande ishirini na tisa. Nikavipanga kimoja kimoja, nikajaza saruji nyeupe katikati, nikafuta kwa kitambaa kikavu. Hata mimi niliyevikata sikuweza kusema ukuta unaishia wapi na sabuni inaanzia wapi.

Mke wangu amerudi, akaingia bafuni, akatoka anatabasamu. Akasema kunanukia vizuri, kumbe nimefanya usafi? Nikasema nimejitahidi. Akanibusu palepale kwenye kidonda cha paji la uso. Nilijisikia vibaya kidogo. Baadaye nikajisikia vizuri sana.

Jumamosi, 9 Machi

Sikufikiria maji.

Narudia, ili niamini mwenyewe: nimejenga ukuta wa bafu kwa sabuni, na sikufikiria maji.

Mke wangu alioga wa kwanza. Akatoka akisema ajabu, leo povu limekataa kwisha, amejimwagia ndoo tatu na bado anateleza. Nikasema ni maji ya siku hizi, yamekuwa laini. Akaniangalia juu mpaka chini. Akasema yeye ni muuguzi, na maji yenye povu lao wenyewe hajayasikia.

Mchana akaja Shemeji, katoka kucheza mpira, anaomba kuoga. Nikamwambia maji yamekatika. Akafungua bomba. Yakatoka kwa nguvu ambayo sijaiona mwaka huu. Akakaa humo muda mrefu kuliko jasho lake lilivyohitaji. Alipotoka alikuwa ameshika kigae cha bluu kilicholika pembe zote kama peremende iliyonyonywa. Akaniuliza, kwa upole, kama ni kawaida ya ukuta wetu kutoa povu.

Anataka rafu yote ya kando ya kioo. Mimi nihamie chini, karibu na ndoo ya nywele zilizokatwa. La sivyo, dada yake atajua kabla ya chakula. Nikamwambia huo ni unyang'anyi. Akasema siku za mwizi ni arobaini, na kwa makadirio yake mimi bado ninazo za kutosha, nisiwe na wasiwasi. Nikamwachia rafu. Ameondoka akipiga mluzi, nywele zake ni safi kuliko zilivyopata kuwa.

Jumanne, 12 Machi

Maisha yangu sasa ni haya. Mke wangu akitoka kwenda kazini, nakausha ukuta kwa feni. Vipande vilivyolika nang'oa, nakata vipya, napachika. Nimemwambia aoge upande wa pili kwa ndoo, kwamba bomba la juu limeharibika. Ili lisinisute, nimeliharibu kweli.

Miche ya sabuni inakwenda vibaya. Jana mke wangu aliuliza sabuni ya nyumba hii inaliwa na nani, kwa sababu shati nililovaa analifahamu tangu Ijumaa. Nikasema panya. Akanunua mtego. Mtego umenibana dole gumba la mguu leo saa tatu asubuhi, nikiwa nimebeba sabuni.

Lakini vidani vimekamilika. Ishirini na vitatu. Nilivipanga mezani kwenye mwanga wa dirisha na niliseme wazi hapa ambapo hakuna wa kunicheka: ni vizuri. Ni vizuri kweli. Tangu mwezi wa kumi sijawahi kukitazama kitu nikasema hiki nimekifanya mimi. Nilikaa navyo nusu saa nzima bila kufanya chochote.

Jumamosi, 16 Machi

Tamasha. Nimevaa shati safi. Mke wangu amesuka upya. Ukumbi umejaa. Wanawake ishirini na wanne wakapanda jukwaani, sare nyeupe, na kwenye kila kifua kipande cha bafu letu. Walipendeza mno. Mke wangu akanibonyeza kiwiko, akasema hakujua. Akasema anaona fahari. Nilitamani dunia isimame hapo.

Haikusimama. Safu ya pili alikuwa amekaa mwenye nyumba wetu. Tunamwita Bibi Miwani, maana ana jozi mbili, moja ya kusomea mikataba na nyingine ya kutazamia watu. Katikati ya wimbo wa tatu akabadilisha miwani. Hakuimba tena.

Wimbo wa mwisho ulipokwisha, kiongozi wa kwaya akanitaja kwa ile sauti yake, nisimame, ukumbi unipigie makofi. Nikasimama. Shemeji alipiga makofi kuliko wote, nyoka yule. Bibi Miwani akaja moja kwa moja jukwaani, akakishika kidani cha kiongozi kwa vidole viwili. Akasema marehemu mume wake alikuwa fundi. Mwaka waliooana alifinyanga vigae kwa mikono yake, akavichoma kwenye tanuri la kuazima, vya bluu kwa bafu la nyumba hii tunayopanga, vya kijani kwa jikoni kwake anakoishi sasa. Havikupata kutengenezwa vingine. Akaniuliza hivi nimevitoa wapi.

Hapa mtu mwenye akili angesema ukweli. Nimelala chali kitandani jioni hii na ninakubali hivyo.

Nikasema niliuziwa na fundi mmoja mzee aliyehama mji.

Bibi Miwani akatafuta kiti, akakaa, akaanza kulia kwa furaha. Kumbe kuna masalio! Kumbe mume wake alimgawia mtu! Hawezi kungoja tarehe 24, akasema. Anakiazima hicho kidani, kesho asubuhi anakuja akiweke kwenye ukuta wa bafu, avione pamoja. Mke wangu akamshika mkono, akamwambia karibu sana mama, nyumba ni yako.

Jumapili, 17 Machi

Saa kumi na mbili alfajiri nilibadilisha sabuni yote. Vipande ishirini na tisa vipya, vikavu, vyenye pembe kali. Nikatangaza kwamba leo haogi mtu.

Bibi Miwani alifika saa nne na kidani mkononi na mpwa wake nyuma. Mpwa alikuwa na tepu ya kupimia kiunoni. Shemeji naye akatokea, eti alikuwa anapita. Tukaingia bafuni wote watano, tumebanana. Bibi akakiweka kidani ukutani, nyuma ya mlango, palepale! Akasema ni vile vile, mshipa kwa mshipa. Mke wangu akasema subhanallah, tazama. Mimi nikaanza kupumua.

Kisha Bibi akaweka kiganja chake ukutani, akafumba macho, akamwita marehemu mume wake kwa sauti ndogo. Machozi yakamtoka. Akayafuta kwa kile kiganja. Akakirudisha ukutani kikiwa kimelowa. Machozi mengine. Akafuta tena.

Alipiga ukelele uliosikika saluni.

Mke wangu ni muuguzi, hana muda wa kushangaa. Alimwinamisha, akachota maji, akamsafisha macho kopo kwa kopo. Yaliyozidi yalipiga ukuta. Ukuta ukatoa povu. Povu la bluu likateremka taratibu mpaka kwenye viatu vya mpwa, na kipande kimoja kikateleza, kikaanguka, kikasimama katikati yetu. Wote tukakitazama. Shemeji peke yake alikuwa anatazama dari, na mke wangu alipoona anatazama dari akajua kwamba naye alijua.

Nikaeleza yote. Maelezo yangu mazuri yalikuwa mafupi kuliko nilivyotarajia. Mpwa alianza kuvuta tepu.

Bibi alikuwa na macho mekundu na hana miwani yoyote. Akasema mume wake alivipanga vile vigae kwa magoti, siku kumi na moja, na kila jioni yeye alimkanda mgongo. Mke wangu hakunigombeza. Angenigombeza ningejua nijibu nini. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akalia, mbele ya mpwa, mbele ya mdogo wake, uso umefunikwa kwa taulo. Nilijionea aibu mpaka nikahisi masikio yanawaka. Sijawahi kuona aibu ya namna hiyo, na naiandika hapa nisije nikaikana.

Bibi ndiye aliyemwinua. Akasema hakusahau nani alimlisha marehemu kwa kijiko wodini wiki zake za mwisho. Kwa ajili ya huyu binti, na si kwa ajili yangu, anatoa nafasi moja. Vigae vyote vya bluu virudi ukutani kabla ya tarehe 31, hata vile vitano vilivyovunjika, kipande kwa kipande. Vikirudi, mkataba ni miaka mitatu, kwa jina la mke wangu peke yake. Visiporudi, nyumba ni ya mpwa. Na Alhamisi niende kwake jikoni anionyeshe kigae kinavyopangwa, kama mume wake alivyomwonyesha yeye.

Jumatano, 20 Machi

Siku tatu nimezunguka milango ya wanakwaya. Nimepata vidani vitatu. Mmoja alinionea huruma, mmoja uzi wake ulimwasha shingo, mmoja alinirushia dirishani. Wengine ishirini na mmoja hawasikii la mwadhini. Kiongozi wa kwaya amesema wamealikwa kuimba mji mwingine, na kidani chake, alichokifuata kwa Bibi Jumapili ile ile, atazikwa nacho.

Mke wangu ananiambia neno moja kwa siku. Jana lilikuwa "Virudishe." Leo asubuhi alisimama mlangoni, akasema ananiamini mara hii ya mwisho, hana nyingine. Machozi yalinilenga. Nikamwapia nyumba hii haitoki mkononi mwake. Na haitatoka!

Msusi, ambaye anawajua wanawake wale mpaka mizizi ya nywele zao, ameniambia hawatatoa bluu kwa kuombwa. Watatoa wakipewa kilicho kizuri zaidi. Nimefikiri tangu mchana: ni nini kilicho kizuri kuliko vile vigae?

Leo nimepita kwa Bibi Miwani kumsalimu na kuulizia saa ya kesho. Jikoni kwake kumejaa vigae vya kijani, mishipa ya dhahabu, sijaona kitu kama kile. Vinashuka mpaka nyuma ya jiko la gesi, chini kabisa. Nani hutazama nyuma ya jiko la gesi? Vigae ishirini na kimoja tu. Kila mwanakwaya anapata cha kijani, anarudisha cha bluu, bluu inarudi ukutani, mkataba unasainiwa, mke wangu anacheka tena.

Na pengo? Watu watasema mimi sijifunzi. Nimejifunza sana. Sabuni inayeyuka kwa maji, kwa hiyo sabuni sigusi tena maishani. Nimenunua mishumaa ya kijani, minene, pakiti mbili. Nta uimwagie maji hata pipa zima, haitikisiki. Nimejaribu kwenye sinki mara nne.